Tini Zilizokataa Kuwa Nyeusi

Mwezi jana, katika soko la Kakuma, nilimkuta mama mmoja kutoka Sudan Kusini amepanga tini za kijani kwenye sinia. "Watu wanapita tu, dada. Wanasema ni mbichi," akalalamika. Nilicheka hadi akanishangaa. Ngoja nikueleze kwa nini.

Miaka ya tisini tuliishi Lodwar, baba akiwa karani wa serikali. Nyanya, mamake mama, alibaki kwao Cherangani, kwenye ukungu na matope, na huko alikuwa na mitini miwili. Mmoja ulikuwa na majani mapana, mwingine majani yaliyogawanyika kama vidole. Huo wa vidole, nyanya aliapa, ndio wa tini nyeusi, zile tamu. Aliapa tu, maana mvua ya huko haikuacha tunda liive. Yote yaliozea mtini, na hakuwahi kuonja hata moja.

Mama alikata tawi la ule wa vidole, akalifunga kwa gunia lililolowa, akalipakata njia nzima kupitia Kainuk. Huko Lodwar akalipanda, akalinywesha maji ya kuoshea vyombo. Mti ukashika, ukazaa, lakini matunda yakabaki kijani. Tuliyangoja yawe meusi. Yakilegea, tulidhani yameoza, tukawaachia mbuzi. Baba akachoka.

"Krismasi ikipita hatujala, naukata, niweke tangi hapa."

Nilimwona mama akifuta macho kwa leso. Niliumia sana.

Ikabaki wiki moja. Asubuhi jirani yetu, ajuza wa Kiturkana, alikuja. "Ejok!" akasalimu, kisha akasimama kuwatazama mbuzi wakichagua matunda laini na kuyaruka magumu.

"Nyinyi nangoja nini? Sisi hapana angalia rangi. Sisi naangalia mbuzi."

Akachuma moja lililoinamisha shingo, akalipasua kwa kidole gumba. Ndani palikuwa pekundu, pakichuruzika asali.

Loo! Tulikula tukiwa tumesimama, utamu ukitiririka hadi kwenye viwiko. Kumbe nyanya alichanganya miti yake: wa vidole ndio wa kijani! Baba alikula hadi akalegeza mshipi, kisha tangi akaliweka upande wa pili wa nyumba.

Zilizobaki mama alizianika juu ya mabati, na jua la Lodwar halina mzaha. Krismasi tukampelekea nyanya. Alitafuna polepole, akageuka kuutazama mti wake pale nje, mvuani.

"Kumbe ndivyo ulivyo," akauambia.

Nyanya hayupo tena, wala mitini yake, na boma letu la Lodwar sasa ni maegesho ya malori. Lakini yule mama wa Kakuma aliniambia mti wake ulitoka Lodwar, mamake alipewa tawi kanisani na mke wa karani.

Nikachagua tunda moja kwenye sinia lake lililolegea shingo, nikalipasua kwa kidole gumba mbele ya wapita njia, nikala nimesimama. Sinia liliisha kabla sijamaliza kumsimulia habari za nyanya.