Bata Mzinga wa Houston na Oveni za Anderlecht

Mwanangu, sogeza hicho kiti tuongee kabla hujaanza kufunga mizigo. Nikitaja siku ya posa yangu watu hudhani nitaanza na mavazi au na mahari. Mimi kinachonijia kwanza ni bata mzinga aliyekataa kuingia kwenye oveni, hapa hapa Brussels, kwenye fleti ya shangazi yangu kule Anderlecht.

Shangazi huyo, sisi tulimwita Tantine Faida, ndiye aliyenilea tangu tulipotoka Bukavu. Fleti yake ilikuwa ghorofa ya pili, na kila kitu ndani kilikuwa kidogo, kama walivyozoea watu wa huku wanaosema Kifaransa. Friji ilimfika kiunoni. Meza ilikuwa ya kukunja. Kahawa alikunywa kwenye kikombe cha kushikwa kwa vidole viwili, biskuti moja pembeni, na kikombe hicho hakikwisha mpaka umemsimulia habari za ukoo mzima. Kila asubuhi alishuka kununua mkate wa siku hiyo tu, kwa hiyo kila asubuhi alikutana na watu, akawauliza hali ya magoti yao na wajukuu wao. Ujanani nilidhani ni umaskini. Nilipoanza kuingia nyumba za Wabeljiji wenye pesa zao, nikakuta wanaishi vilevile, tena wanajivunia.

Basi kaka yangu Déo, aliyekuwa akiishi Houston, kule Marekani, akaja kwa ajili ya posa. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Alikodi gari refu pale uwanja wa ndege, akazunguka nalo mtaani kwetu mpaka jasho likamtoka, mwishowe akaliacha mbali akaja kwa miguu. Kwenye mkahawa wa kona aliletewa kahawa, akaimeza mara moja, akamshukuru mhudumu kwa kumwonjesha na kuomba sasa aletewe kikombe chenyewe. Tulicheka, jamani! Lakini ana mkono wazi yule mtu, sijaona mfano wake. Sabuni alizotuletea kwenye sanduku zilituvusha mwaka, na kwa kila shati alilomnunulia mtoto wa jirani aliongeza la ndugu yake.

Upande wa mchumba wangu, msemaji alikuwa baba yake mkubwa, Papa Bahati, mfanyakazi wa kile kiwanda cha magari cha mtaa wa Forest kilichofungwa juzi juzi. Mzee mkali, si mbaya, ila mkali. Aliwahi kuinuka katikati ya posa ya kijana mwingine wa kwao kwa sababu wageni waliletewa chakula cha kununua, kwenye maboksi. Alisema nyumba isiyowasha moto kwa ajili ya wageni haijaamua kumtoa binti, akavaa koti, na posa ikaishia hapo. Sasa Déo wangu, kwa mapenzi yake, alikuwa amemwahidi mzee huyo kwa simu kwamba atakula bata mzinga aliyeokwa mzima, akaletwa mezani mzima, akakatwa mbele yake, maana ndivyo wanavyomheshimu mgeni Marekani. Mzee akakubali kwa furaha. Alipopiga tena alimuulizia yule ndege.

Jumamosi asubuhi Déo aliingia kutoka kwa mchinjaji wa Kimoroko, amempakata bata mzinga mikononi. Tantine akapiga vigelegele. Kisha akafungua oveni, akamtazama ndege, akaitazama oveni. Tulimwingiza kwa kichwa, kwa miguu, kwa ubavu. Tukatoa vyuma vyote vya ndani. Wapi! Oveni ile ilizoea kuku mmoja, naye akunje miguu. Kumbe Déo hakuwahi hata kuiangalia, kwani Houston oveni inameza mbuzi, na kwake oveni ni oveni.

Nililia, mwanangu, sikufichi. Wageni walikuwa wafike saa kumi alasiri, na mimi nilimpenda yule kijana kweli kweli. Nikamgeukia Déo, nikamuuliza nani alimwambia aibebe Houston nzima aje kuimwaga jikoni kwetu. Akatoka, akakaa kwenye ngazi, jitu zima limeshika tama. Akasema bora ampigie Papa Bahati amwambie ahadi imeshindikana, na sisi tukaagize kuku waliokwisha kupikwa. Nilijua simu hiyo ingekuwa mwisho wa posa yangu.

Tantine hakuinua sauti. Alikuja mpaka mlangoni, akaniangalia mimi kwanza.

“Weye, nyamaza. Muntu mwenye ananunua nyama mukubwa hivi, alitufikiria sana. Donc hatutamurudishia.”

Kisha akampa Déo kisu kikubwa, akamwambia akate mwenyewe, kwa kuwa ndege ni wake. Déo alisita. Kwa desturi aliyokuwa ameishika, kumkata kabla ya mezani ni kuiharibu heshima yote. Lakini alikata, na niliona ilivyomuuma.

Tantine akagawa vipande kwenye sahani, akaanza kugonga milango. Kwa Maman Khadija, jirani wa ghorofa ya tatu, aliulizwa kwanza nyama imetoka wapi. Khadija aliposikia ni kwa mchinjaji yule yule wa halali anayenunua kwake, alichukua mapaja yote mawili na kusema viungo tumwachie yeye. Chini kabisa alikaa Padri Luc, Mbeljiji aliyemaliza ujana wake kwetu Kivu. Alipokea nusu ya kidari, akatuuliza kwa Kiswahili cha Bukavu moto wenyewe unawashwaje, kwa sababu oveni yake hakuwahi kupikia nyama. Nusu nyingine ilikwenda kwa mume na mke Wareno wa ghorofa ya juu. Mabawa, mgongo na shingo vikabaki kwetu. Ilipofika saa nane ngazi nzima ilikuwa inanukia, kila ghorofa harufu yake.

Papa Bahati alifika na watu wake, suti na vitenge. Na kwa kuwa nyama iliiva karibu wakati mmoja, majirani wakaja nayo wakati huohuo. Padri alipanda nyuma ya wageni akihema, huku Khadija na Wareno wakishuka na sinia zao. Wakaingia pamoja kwenye fleti ambayo haikutosha hata nusu yao. Wengine walisimama kwenye korido, wengine wakaketi kwenye ngazi na sahani mapajani.

Mzee akaitazama meza. Akamuuliza Déo yule ndege mzima yuko wapi.

“Papa, hakuingia kwa oveni yetu,” Déo akasema. “Bamemupika kwa oveni ya kila nyumba. Bote ni hawa, bamekuya naye.”

Papa Bahati aliwapitia kwa macho mmoja mmoja. Akamuuliza Padri kama naye ni ndugu wa binti. Padri akajibu kwamba yeye ni wa upande wa kidari. Hapo mzee akacheka, akavua kofia.

“Bon. Nilikuya kuomba mutoto kwa famille moja. Sasa iko lazima niombe kwa immeuble muzima.”

Na kweli aliomba kwa jengo zima. Alianza na Tantine, akaenda kwa Khadija, akaenda kwa Padri, akamalizia kwa Wareno, ambao hawakuelewa neno hata moja na wakakubali kwa sauti kubwa kuliko wote. Kijana niliyeombewa ndiye baba yako, huyo anayesinzia mbele ya televisheni.

Sasa nakuambia wewe, kwa kuwa wiki ijayo unakwenda Houston kwa Déo. Utakuta vikombe vya kushika kwa mikono miwili na friji zenye milango miwili. Usiwacheke. Kule duka liko mbali na mgeni anatoka mbali zaidi, na mtu anajaza nyumba ili yeyote atakayeingia asirudi na njaa. Wakikuuliza habari zetu, waeleze kile kikombe kidogo na mkate wa kila asubuhi, na usione haya. Na mtu akikuletea upendo usioenea mlangoni kwako, usimrudishie, wala usimwambie angepima kwanza. Mpe kisu akate, kisha kagonge milango.

Nenda, mama. Mungu akupe watu watakaokuletea makubwa kuliko nyumba yako, na majirani wa kukusaidia kuyaivisha.