Mtu wa Pili Nyumbani kwa Mama Fomu

Mama Fomu alikuwa na gere, na gere lenyewe wala hakulificha. Miaka ishirini na sita ofisi ya takwimu ilihesabu watu kwa fomu zake: karani anabisha hodi, anauliza, anajaza, anamletea. Mara akaja wifi yake, dada wa marehemu mumewe, na kompyuta yake. Sasa idadi ya watu inatoka kwenye daftari za vizazi na vifo, za shule na za kodi, zote zimeunganishwa. Hodi hazipigwi tena. Wifi akapewa ofisi yenye feni. Mama Fomu akaambiwa chumba cha fomu kitafungwa mwisho wa mwezi, labda aoneshe kwamba mfumo mpya unakosea.

"Mtoto wa juzi!" aliwaambia makarani. "Kalamu nimemshikisha mimi!"

Alitia chumvi, lakini roho ilimuuma kwelikweli. Akimwona mkurugenzi anacheka na wifi, chai haipiti.

Siku tatu alipekua kosa, wapi! Siku ya nne akafungua ukurasa wa nyumba yake mwenyewe kwenye mfumo. Watu wawili: mke na mume. Mume! Kazikwa mwaka wa pili huu! Akachapa karatasi, huyo, mbio hadi ofisi ya feni.

"Hongera, wifi. Kompyuta yako imemfufua kaka yako."

Wifi akafunga mlango kwanza. "Kifo hakijaandikishwa. Na wa kuandikisha ni wewe, wifi yangu."

Mama Fomu akakosa pa kuuweka uso. Karatasi ya hospitali ya kuthibitisha kifo ilikuwa kabatini, chini ya nguo zake. Kila akiishika, mikono inagoma. Na watu wote alishawaambia ameandikisha.

"Kosa hili nimeliona tangu Januari, nikanyamaza," wifi alisema. "Kila asubuhi nafungua ukurasa huo kabla ya kazi. Namwona kaka yuko hai. Ukitaka, mpelekee mkurugenzi."

Lo! Kumbe hata hapo katanguliwa! Feni kachukua wifi, mkurugenzi kachukua, na mume kila asubuhi anaanza kuonwa na yeye!

Kesho yake, ofisi ya vizazi na vifo ilipofunguliwa, Mama Fomu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alijua kosa pekee alilolipata linafutika, na chumba chake kinakwenda nalo. Akajaza fomu kwa mwandiko wake ule mzuri, akaisukuma dirishani.

"Muondoe," akamwambia karani. "Tumkose sote wawili."