Barafu Haikumpiga Mama

Bado nina hasira na yule fundi, na nusu ya hasira ni ya kwangu mwenyewe, maana maneno aliyoyatumia nilimpa mimi.

Nilikuwa nimemaliza shule Butiama, niko nyumbani Musoma, namsaidia mama kuuza sangara na barafu pale Iringo. Kwenye simu nikasoma kitu kikanipagawisha: kuna gesi wanayotumiaga hospitali kutuliza maumivu. Ukiigandisha juu ya chuma, utando mwembamba kabisa, inajitengenezea volti yenyewe. Hakuna betri, hakuna waya. Nikawa namsimulia kila mteja, "Barafu ina umeme!" Nilisema hivyohivyo, kwa mdomo wangu.

Wiki mbili baadaye friza yetu ikaanza kumpiga mama shoti. Anashika mlango, anaruka. Akamwita fundi kutoka Bunda, yuleyule aliyetufungia soketi. Akaja na mabuti yake ya mpira, akakwangua barafu ya ndani, akacheka.

"Mama, hii ni barafu tu imejaa umeme. Si huyu profesa wako hapa ndiye anatangazaga?"

"Fundi, ile niliyosema mimi inataka baridi ambayo friza yetu mbele yake ni jiko! Ikipata joto kidogo volti inapotea. Na haiwezi kumrusha mtu!"

"Sasa unayakana maneno yako?"

Mama akacheka naye. Hiyo ndiyo iliniuma. Alikuwa peku, sakafu imelowa maji ya samaki, na ameshanyoosha mkono afungue.

Nikamdaka mkono. Nikachukua testa ya kupimia umeme kwenye boksi la fundi, nikagusa mlango kwa nje, pakavu, barafu hamna hata chembe. Testa ikawaka.

"Umeme uko ndani, unasukuma kuja nje," fundi akasema. Hata haya hana!

"Haya. Vua mabuti, ushike."

Akaangalia sakafu. Akaangalia mlango. "We mtoto, elimu yako inaletaga ubishi tu."

"Vua, fundi," mama akasema. Hakuwa anacheka tena.

Hakuvua. Mama akaenda mwenyewe kwenye soketi, akachomoa plagi, akamwambia afungue hiyo soketi tuione. Waya wa kwenda ardhini, ule wa kuondoa umeme unaovujia kwenye bati la friza, haukuwepo. Hakuufunga tangu siku ya kwanza! Na hata pole hakusema.

Sangara wote tukawahamishia kwa jirani. Fundi akachimba nje, akaufunga ule waya, na mama akasimama pembeni yake ameishika plagi mkononi mpaka akamaliza.