Mshika Bendera wa Jukwaa la Tatu

Stesheni ile ya kitongoji, nje kidogo ya Tunis, zamani ilikuwa na majukwaa matatu. La tatu lilikuwa la treni za ufukweni. Reli zake ziling'olewa, pakamwagwa saruji, na sasa ndipo Mongia anapokaangia mikate yake ya mlawi. Lakini mzee mshika bendera hajaliacha. Kila adhuhuri, akishairuhusu treni ya mjini, huja pale taratibu, bendera ameibana kwapani, mkono mmoja umeshika kofia isipeperuke, na kwa sauti ya kubembeleza mtoto husema, "Rudini nyuma kidogo, wapenzi." Watu husogea, kwa kumstahi tu.

Juzi Mongia aligoma. "Ami, treni gani tena? Unataka mizimu inipitie juu ya kikaango?"

"Rudi, binti yangu. Hii haisimami hapa."

Akabaki palepale, mikono kiunoni, wateja wakicheka. Upepo haukuwapo, hata moshi ulipanda wima. Ghafla mtandio ukamchomoka kichwani, ukaruka kuifuata njia ya reli zilizong'olewa, na unga wote mezani ukalalia upande mmoja. Mzee akaiachia kofia, akaenda zake.

Jana mzee alichelewa. Mongia ndiye aliyeinua kichwa, akashika mtandio wake kwa nguvu.

"Rudini nyuma kidogo, wapenzi," alisema, na hakuna aliyecheka.