Samli Kwenye Cherehani ya Turubai

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, baridi imeikaza Masumbwe yote, nami nimekaa nyuma ya cherehani kubwa kama ndama, nakanyaga kwa miguu miwili na yenyewe haisogei. Usidhani nasema hizi cherehani zenu za kushonea sare, ambazo msichana anabeba kichwani huku anaimba. Ile ilikuwa ya turubai. Sindano yake nene kama msumari wa kiatu, na siku ilipoletwa wanaume wenye shingo zao waliishusha kwenye lori wakitukana.

Ilikuwa mali ya mgodi. Babu yako Masanja alikuwa fundi wa turubai kule mgodini, upande wa Geita. Kazi yake ilikuwa kushona mifuko ya kubebea mawe yanayopelekwa kupimwa kama yana dhahabu. Akaanguka kutoka kwenye lori, mguu ukavunjika, wakamrudisha nyumbani umefungwa vijiti. Mimi kushona nilishajifunza kwake, na nilijifunza vizuri, sikufichi. Tukaomba cherehani ije nyumbani, mimi nishone, yeye aelekeze akiwa kitandani. Wakakubali, lakini shingo upande. Dereva wa lori, Athumani, mtu wa Pwani mwenye maneno mengi, ndiye aliyetuletea sharti lao.

"Mama Kulwa," akaniambia, "nikirudi kutoka Kahama nikakuta mifuko tayari, cherehani inabaki na kazi inabaki. Nisipoikuta, nimeambiwa niipakie niondoke nayo, kazi apewe fundi mwingine. Usininunie, mama. Mimi nashika usukani tu."

Sasa fikiria. Mume kitandani, mapacha wangu Kulwa na Doto bado wanatambaa, na chakula chote cha nyumba ile kinapita kwenye tundu la sindano. Kisha cherehani inagoma, na Athumani anarudi kesho yake.

Nikampigia Masanja kelele kupitia ukuta wa udongo, maana yeye alilala chumba cha ndani.

"Baba Kulwa! Limekufa!"

"Limekufa linanuka? Acha kulia. Toa mkanda kwenye gurudumu."

Nikautoa ule mkanda wa ngozi.

"Kanyaga chini peke yake. Inakwenda?"

"Inakwenda laini."

"Basi miguu ni mizima. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono."

Gurudumu la juu lilikuwa gumu kama shingo ya fahali. Hapo tukajua ugonjwa uko kichwani, si miguuni. Akaniambia nibadilishe sindano, nikabadilisha. Nilegeze uzi, nikalegeza. Bobini nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Bure. Nikajaribu kushona kipande, uzi ukakatika, na chini ya turubai kukawa na fundo kama kiota cha ndege.

Mama mkwe wangu, ambaye wote tulimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu chake cha kusukia maziwa. Akatikisa kichwa. "Inamkumbuka mwanangu hiyo," akasema. "Chuma nacho kina moyo." Akaenda zake kwa ng'ombe.

Jua lilipopanda nikajaribu tena, nikaona ajabu. Gurudumu limelegea kidogo. Nikamwambia Masanja. Akasema, "Chuma hakijui asubuhi na mchana. Kuna kitu ndani kinachoijua baridi. Fungua kibati cha chini ya sindano."

Nikafungua skrubu, nikakiinua kile kibati. Mwanangu, kulikuwa na uchafu wa njano uliochanganyika na nyuzi za turubai, umekaa kama uji uliolala. Nikauchukua kwa kidole, nikaunusa. Nilizaliwa kwenye zizi la ng'ombe mimi, pua yangu haidanganywi.

Samli.

Nikachungulia vile vitundu vya juu, tunapotia mafuta ya mashine tone moja moja. Samli tupu. Na katika nyumba ile, mwenye samli alikuwa mtu mmoja tu.

Mayu hakufanya kwa ubaya, ujue. Samli kwetu ndiyo heshima. Mtoto akizaliwa anapakwa. Bibi harusi anapakwa mpaka anang'aa. Ngozi kavu, samli, kidonda, samli. Alikuwa akiniona natia vitone tu kwenye vile vitundu, akadhani nainyima. Akaamua kuilisha mwenyewe, jioni nikiwa jikoni.

Nikaingia kwa Masanja, nikamnusisha kidole. Akafumba macho.

"Utamwambia?" akaniuliza.

"Nimwambie nani? Mimi mwali wa juzi, nimwambie mama yako kaharibu mashine? Mwambie wewe."

"Mimi nina mguu mmoja. Siwezi kukimbia."

Tukacheka kwa kuziba midomo, tukakubaliana kunyamaza. Kunyamaza huko tulikuita heshima. Nikachukua mafuta ya taa yaliyobaki kwenye koroboi, nikachovya unyoya wa kuku, nikasugua kila kitundu. Nikazungusha gurudumu kwa mkono, uchafu ukatoka, nikafuta, nikachovya tena. Kutwa nzima! Mgongo ulilia. Jioni nikatia mafuta yake halisi, nikarudisha mkanda, nikakanyaga. Cherehani ikanguruma kama inanidai kazi. Nikashona mifuko mpaka giza likaniondoa, maana koroboi haikuwa na tone. Ikabaki michache, ya kumalizia asubuhi kabla ya Athumani. Nikaenda kukoka moto, roho nyeupe.

Asubuhi nikakaa, nikakanyaga.

Haisogei.

Sikuhitaji kufungua kibati. Harufu ilinifikia nimekaa. Mama wa watu alisikia mashine imepona, akafurahi, akaona samli yake imefanya kazi, basi akaizidishia! Na mafuta ya taa yameisha. Na lori linakuja siku hiyo hiyo.

Nilitaka kuingia ndani nilie. Badala yake miguu ikanipeleka zizini, sijui kwa nini. Mayu alikuwa anakamua. Nikapiga goti kwenye mavi ya ng'ombe, na khanga yangu safi.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, Mama Kulwa. Mbona umepiga goti kwenye mavi?"

"Mayu, samli imekwama kwenye cherehani. Ikipata baridi inaganda, mashine inashindwa kuzunguka. Jana nimeisafisha. Leo imeganda tena."

Akaacha chuchu ya ng'ombe. Nikangoja dunia ianguke.

"Jana ulijua?"

"Nilijua, mayu."

"Na Masanja?"

"Alijua."

"Mkaniacha nikaenda kuitia tena!" Akasimama, mzee yule, kibuyu mkononi. "Mnadhani mimi ni chungu, nikiguswa na neno nitapasuka? Ningekuwa naweka moto kwenye paa la nyumba mngeninyamazia pia? Hiyo si heshima, binti. Mmenifanya mjinga nyumbani kwangu mwenyewe."

Mwanangu, maneno yale yaliniingia kuliko kiboko. Nami nikiwa bado nimeinama, akanishika mkono akaniinua.

"Haya. Mafuta ya taa yako wapi?"

"Yameisha."

"Na ya nini? Samli naijua mimi tangu hujazaliwa. Samli haisuguliwi, inayeyushwa. Lete maji ya moto na matambara."

Tukaiburuta ile cherehani mpaka uani, penye jua. Akachovya matambara kwenye maji yanayotoka moshi, akayakamua, akaivisha kichwa kizima kama mgonjwa wa homa. Yakipoa anabadilisha. Samli ikaanza kutoka yenyewe, inachuruzika kwenye vitundu, mimi nafuta na kuzungusha, nafuta na kuzungusha. Kazi iliyonila kutwa jana yake, siku hiyo iliisha kabla umande haujakauka vizuri. Nikakausha kila tundu, nikatia mafuta ya mashine tone kwa tone, yeye akiangalia.

"Hivyo tu?" akauliza. "Inakula kama ndege."

"Hivyo tu, mayu."

Nilipokanyaga ikaitika. Masanja akapiga vigelegele kama mwanamke, ndani, na mguu wake mbovu. Nilikuwa nafunga fundo la mfuko wa mwisho tuliposikia lori.

Athumani akahesabu mifuko, akainama kunusa cherehani, akapiga chafya.

"Nyie Wasukuma! Hata chuma mnakipaka samli?"

Mayu hakungoja nimfiche. "Ni mimi," akasema. "Njoo nikupake na wewe, labda utawahi kuliko hilo lori lako."

Cherehani ikabaki. Nilikaa chini palepale uani, nikacheka mpaka mapacha wakaogopa.

Basi, mwanangu, hivi ndivyo ninavyokuambia. Kitu kikiharibika nyumbani kwako, usianze kwa kukipiga wala kukilia. Tenga sehemu moja moja, ujue iliyo nzima, utaikuta iliyo mgonjwa. Kisha uliza nani alikigusa mwisho, na uulize kwa sauti ambayo mtu ataweza kukujibu. Ukishajua, sema. Sema kwa goti, sema kwa shikamoo, lakini sema siku hiyo hiyo, hata kwa mama mkwe. Mtu uliyemficha kosa lake atalirudia kesho kwa moyo mweupe, na pengine dawa yake anayo yeye.

Nenda. Mungu akupe mikono isiyoogopa chuma na mdomo usioogopa wakubwa wako. Akupe mkwe wa kukugombeza asubuhi na kukuchemshia maji saa hiyo hiyo, kama wangu. Na kila utakachokifungua kwa shida, akujalie ukifunge ukiwa unacheka.