Mikeka Kumi na Miwili

"Na wewe ilikuponya nini?"

Aliyeuliza alikuwa mama wa mzani, mwanamke aliyekuwa anapima uzito wa maboksi katika kiwanda cha kufungasha maharage machanga, chini ya Mlima Meru, upande wa Tengeru. Ilikuwa siku yangu ya kwanza. Nilikuwa nimesimama mbele ya wanawake kumi na wawili kwenye stoo ya maboksi matupu, nimefunga kanga juu ya suruali ya mazoezi kwa aibu, na nilikuwa nimetoka kueleza kwa dakika kumi nzima jinsi yoga inavyosaidia mgongo, mabega, pumzi, usingizi na mawazo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hilo moja tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tano, sijawahi kuumwa mgongo, na pale ndani hakukuwa na mtu aliyekuwa analala vizuri kuliko mimi.

Nilisoma takwimu chuo kikuu. Nikarudi Arusha, nikawa naishi kwa mama mdogo Kimandolu, nikituma maombi ya kazi mpaka nikaanza kuyachukia maneno "mchapakazi" na "ninayejituma". Kozi ya ualimu wa yoga, kule Themi, sikuitafuta. Rafiki yangu aliilipia, akapata kazi Dodoma, nafasi ikabaki. Nikawa mwanafunzi msumbufu. Mwalimu akisema mkao huu unasafisha ini, nauliza ini limesafishwa vipi na nani amelipima. Akisema nguvu inapanda uti wa mgongo, nauliza nguvu gani. Alinipa cheti kabla ya wenzangu, nadhani ili niondoke.

Cheti hicho ndicho kilichonipeleka kiwandani. Wateja wa nje walikuwa wameanza kuuliza wafanyakazi wanatunzwaje, na meneja alihitaji kitu cha kuwaonyesha. Wanawake wale walisimama tangu asubuhi hadi jioni mbele ya meza za chuma, kwenye chumba cha baridi, wakikata ncha za maharage na kuyapanga yalingane urefu. Migongo iliwauma wote. Meneja akanunua mikeka ya mazoezi kumi na miwili, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye boksi moja, akanipa mkataba wa miezi mitatu: nusu saa kila siku ya kazi, kuanzia saa saba na nusu mchana.

"Mimi nataka grafu," aliniambia. "Mwisho wa miezi mitatu niletee grafu. Ikipanda, tunaendelea mwaka mzima. Isipopanda, hiyo nusu saa inarudi kwenye maharage."

Nilifurahi. Hatimaye mtu alikuwa anataka kupima. Yoga isingekuwa imani tena. Ingekuwa namba kwenye daftari. Nikanunua rula ndefu. Kila siku, kabla hatujaanza, kila mmoja angeinama akiwa amenyoosha magoti, nami ningepima umbali kati ya ncha za vidole vyake na sakafu. Umbali ukipungua, mgongo umelegea, na grafu itahesabu hilo kama kupanda. Ukibaki palepale, nitasema hivyo na nitaondoka.

Majina sikuhitaji. Kila mfanyakazi alivaa koti jeupe lenye namba mgongoni, na namba hiyohiyo ilibandikwa kwenye kila boksi alilofunga, ili boksi likioza huko ng'ambo ijulikane nani alilifunga. Meneja alichagua koti namba moja hadi kumi na mbili, basi. Walikuja wakiwa na kofia za nyavu zilizoshuka hadi kwenye nyusi na barakoa zilizopanda hadi chini ya macho, kwa sababu kuvua vitu hivyo ndani ya jengo ilikuwa marufuku. Nilikuwa nasema shikamooni kwa macho ishirini na manne.

Wiki ya kwanza ilienda kama nilivyotegemea. Tuliinama, tukapiga magoti na kukunja mgongo kama paka, tukajinyoosha, na mwisho tukalala chali kimya kwa dakika saba. Hapo kwenye kulala chali ndipo walipokuwa na bidii.

"Mwalimu, mchungaji akiniuliza huku tunafanya nini?" mmoja aliuliza.

"Mwambie ni mazoezi ya viungo."

"Na nikisinzia?"

"Mwambie umesinzia."

"Kanisani nasinzia kila Jumapili, hajawahi kuniuliza." Wenzake wakacheka hadi mikeka ikateleza.

Wiki ya pili nilitaka tusogee mbele. Haikuwezekana. Kila siku walinitazama kana kwamba hawajawahi kuniona. Nikisema "kama jana," wanatazamana. Nikisema "mkao wa paka," mmoja anakaa chini na kukunja miguu, mwingine anasimama anasubiri paka aletwe. Nilirudia somo la kwanza Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Wiki ya tatu bado nilikuwa kwenye somo la kwanza. Nilianza kuota usiku naonyesha namna ya kupiga magoti.

Waliongea Kimeru wao kwa wao. Kimeru kinakaribiana na Kimachame cha bibi yangu, kwa hiyo nilikuwa naelewa nusu, na nusu hiyo yote ilikuwa inanihusu. Waliniita mwalimu wa kulala.

Daftari ndilo lililonitia wazimu. Namba saba Jumatatu aligusa sakafu kwa viganja. Jumanne vidole vyake viliishia magotini. Jumatano vikaigusa sakafu kwa ncha tu. Namba tatu alikuwa anakuwa mgumu na laini kama mtu anayekunywa dawa ya kubahatisha. Nilichora mstari wa kila mmoja, na kila mstari ulionekana kama umechorwa na mtoto aliyeshika penseli ndani ya gari, barabara ya vumbi. Nikashuku rula. Nikanunua nyingine. Nikashuku baridi, kwa kuwa ilikuwa Julai na wingu lilikuwa halijatoka mlimani siku nyingi. Nikashuku chakula cha mchana. Nikajishuku mimi. Nikamwambia mama mdogo kwamba huenda yoga inaharibu watu kwa zamu, na akaniambia nile kwanza.

Wiki ya sita nilifika mwisho wa uvumilivu wangu.

"Namba saba," nikasema, "hebu waonyeshe wenzako ulivyofanya jana."

"Jana?"

"Jana. Uligusa sakafu kwa viganja."

"Mimi?" Akaitazama sakafu. "Sakafu hii hii?"

Stoo nzima ikaangua kicheko. Hata mimi nilijua kicheko kile hakikuwa cha mzaha wa kawaida. Kilikuwa cha watu waliokamatwa. Mama wa mzani, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka wa mwisho akijisugua kiuno, akainua mkono.

"Mwalimu, usimsumbue bure. Jana alikuwa mwingine."

"Mwingine vipi?"

"Mwingine. Mtu mwingine, koti hilo hilo." Akanihesabia kwenye vidole kama ananifundisha darasa la kwanza. "Mikeka kumi na miwili. Sisi kwenye zamu hii tuko sitini. Siku za kazi tano. Wewe si ndiye msomi wa hesabu?"

Walikuwa wanabadilishana makoti chooni kila siku kabla ya saa saba na nusu. Walikuwa wamepanga tangu wiki ya kwanza, kama wanavyopanga mchezo wao wa kila mwezi, ambapo kila mwanachama anajua zamu yake ya kupokea na hakuna anayepokea mara mbili kabla wote hawajafikiwa. Hapa walichokuwa wanapokezana ni mkeka. Kila mwanamke alikuja mara moja kwa wiki. Yaani kwa wiki sita nilikuwa nimefundisha watu sitini, na kupima migongo sitini, na kuiandika kama migongo kumi na miwili.

Nilikasirika kwa namna ambayo hata sasa naiona ilikuwa ya haki.

"Mngeniambia!"

"Ungesema nini?"

"Ningesema haifai! Mgongo hauponi kwa siku moja kwa wiki. Hakuna daktari anayechukua dozi ya mtu mmoja akawagawia watu watano."

"Kwani ni dawa?" akauliza mama wa mzani.

Hilo ndilo swali nililokuwa namuuliza mwalimu wangu kule Themi.

"Mwanangu," akasema, akashusha sauti, "huu mgongo nimekaa nao tangu hujazaliwa. Sina mpango wa kupona. Nina mpango wa kulala. Dakika saba, hakuna anayeniita, hakuna anayelia njaa, hakuna boksi. Nyumbani nikilala mchana wataita watu wa kuniombea."

Nilikwenda kwa meneja siku hiyo hiyo, lakini si kuwataja. Nilimuuliza kama anaweza kuongeza mikeka, wote sitini wafanye.

"Wanawake sitini walale chini kwa wakati mmoja," akasema, "halafu maharage yafungwe na nani, na wewe?" Kisha akakumbuka. "Grafu inaendeleaje?"

Nikasema inaendelea.

Ubaya ni kwamba kubadilishana koti halikuwa kosa dogo. Boksi likifungwa na mtu mmoja kwa namba ya mwingine, orodha yote ya kiwanda inakuwa uongo, na mtu aliwahi kufukuzwa kwa hilo mwaka uliotangulia. Wengi wao walikuwa vibarua wa msimu. Nikimpa meneja mistari yangu jinsi ilivyo, hahitaji digrii kuona kwamba namba saba si mtu mmoja. Nisipompa kitu, nusu saa inarudi kwenye maharage.

Mkataba ulipokaribia kuisha, makoti yakiwa bado yanabadilishwa, nilijaribu kutafuta njia ya kweli. Niliacha mistari ya mmoja mmoja nikachukua wastani wa kila siku, nikifikiri pengine kundi zima limelegea hata kidogo, na hilo naweza kulichora bila kudanganya wala kumtaja mtu. Nilikaa nalo mezani kwa mama mdogo Jumamosi nzima. Wastani haukusogea. Miezi mitatu ya paka na kuinama, na sakafu ilikuwa mbali vilevile. Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimewahi kujigamba mbele ya darasa zima la yoga kwamba siku moja nitapima na kuwaumbua, na sasa nilikuwa nimepima.

Wiki ya mwisho nikampelekea meneja ukurasa mmoja. Niliandika kwamba mahudhurio yalikuwa mazuri, kwamba washiriki walionyesha ari hasa katika mapumziko ya mwisho, na kwamba vipimo havikufanyika kwa namna inayoruhusu kuchora grafu. Aliusoma mara mbili.

"Miezi mitatu ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafundisha."

"Umesoma takwimu, umeshindwa kuchora mstari?"

Akanishukuru kwa muda wangu. Mikeka akasema ibaki, ni mali ya kiwanda.

Mama wa mzani nilimkuta nje ya geti jioni, anasubiri wenzake, bila barakoa. Ilikuwa mara ya pili au ya tatu kuuona uso wake wote. Nilimweleza. Nilitegemea, na sioni haya kusema, kwamba atanishukuru. Nilikuwa nimepoteza kazi ili yeye asipoteze yake.

"Grafu ikipanda tulikuwa tunaendelea?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mwaka mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa si ungechora tu inayopanda?"

"Ingekuwa uongo."

"Nani angekuja kunipima? Huyo mzungu anayenunua maharage atapanda ndege kuja kuniinamisha?" Alikuwa hacheki. "Sisi tumevaa makoti ya watu miezi mitatu kwa hofu, tunajibu 'nipo' kwa namba isiyo yetu, wewe umeshindwa mstari mmoja. Mstari mmoja, mwalimu. Wewe una pa kulala mchana."

Nikamwambia siyo rahisi hivyo. Nikamwambia mtu akianza kuchora namba anazozitaka, hatujui tena chochote, wala kama migongo inapona au haiponi. Nikamwambia kwamba ningeweza kuwataja wote na sikuwataja. Niliongea sana. Alifunga mtandio wake vizuri, akasema, "Haya, salimia nyumbani," akaondoka na wenzake kuelekea barabarani, na hakuna aliyegeuka.

Nilirudi Kimandolu nimekasirikia kila mtu: meneja aliyetaka mgongo wa binadamu upande kama mauzo, wanawake walionifanya mjinga wiki sita, mwalimu wangu na ini lake, na mimi mwenyewe, ambaye nilikuwa nimeilinda kweli ambayo hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa anaitaka. Sikufundisha tena kwa muda mrefu. Niliposhika tena mkeka ilikuwa peke yangu, chumbani, na niliacha kupima. Kazi nikapata baadaye mjini, ya kuingiza namba za watu wengine kwenye kompyuta, siku nzima nimekaa, na sasa mgongo unauma.

Miaka miwili hivi ilipita kabla sijakutana, katika soko la Tengeru, na binti mmoja anayeuza parachichi ambaye alinitambua kwa sauti, akaniita mwalimu wa kulala kwa nguvu hadi watu wakageuka. Alikuwa amefanya kazi kiwandani msimu ule na uliofuata. Kwa kifupi, meneja alinifukuza mimi, lakini hakumwambia msimamizi wa zamu kwamba mazoezi yamekwisha, na ratiba iliyobandikwa ukutani hakuna aliyeibandua. Mama wa mzani alikuwa anasimama mbele, anasema "vuta pumzi, achia mabega" kwa sauti ya kuniigiza, anaruka mkao wa paka na yote mengine, na wanawake kumi na wawili, wa zamu ya siku hiyo, walilala nusu saa kamili, kila siku ya kazi, kwa mwaka mmoja na miezi mitatu.