Mpaka Balbu Izime

Wateja wengi hawalijui jina lake la kuzaliwa. Wanamwita Bi Ngoja, kwa kuwa neno hilo ndilo linalomtoka kinywani kuliko mengine yote. Mteja akiuliza kama gari limekwisha, ngoja. Akitaka kuwasha redio asikie kidogo tu, ngoja. Wanamtania kwamba hata kifo kikija kumchukua kitaonyeshwa benchi kikae. Yeye hucheka nao, kisha anarudi kwenye waya zake bila kuongeza mwendo hata chembe. Anaijua kazi yake, na anayeijua kazi yake hakimbizwi na mtu.

Miaka kumi na minne amefunga muziki wa magari katika karakana ya mjomba wake, chumba kirefu chenye mlango wa bati, harufu ya lehemu, na msumari mmoja mnene kando ya mlango. Hakuna anayegusa gari bila kuvua pete na saa na kuvitundika hapo. Hiyo ni sheria ya Mjomba. Sheria yake ya pili ni kali zaidi, nayo inahusu kapasita, lile kopo linalokaa karibu na amplifaya na kuweka akiba ya umeme, ili besi ikigonga taa za gari zisififie. Kopo tupu halipewi umeme wa betri kwa mkupuo. Linajazwa kupitia balbu ndogo: balbu inawaka, inafifia, inazima, basi limeshiba. Na kabla ya kulifungua linakamuliwa kwa balbu hiyo hiyo. Hadi balbu izime, mikono ikae mbali.

Asubuhi moja Mjomba, ambaye siku hizi alikuja karakanani kwa nadra, alifika na kuketi kwenye benchi, funguo zikining'inia kidoleni.

"Mpwa wangu, magoti yamegoma," alisema. "Leo nakuangalia kazi moja, mwanzo hadi mwisho. Nikiridhika, hapa ni pako. Nisiporidhika nafunga mlango, kila mtu ashike njia yake."

"Sawa, Mjomba."

Alivua pete, akaitundika msumarini, na mikono ikatulia.

Kazi yenyewe ilikuwa gari la mwalimu wa mazoezi, yule anayefungua buti uwanjani kila jioni na kuwarusha watu wa mtaa mzima kwa muziki. Gari lake lilikuwa na tabia mbaya. Besi ikigonga, taa zinafifia, amplifaya inazima, na watu wanabaki mguu mmoja juu wakitazamana.

"Dada, saa kumi watu watakuwa wananisubiri," alisema, akirukaruka pale pale alipo.

"Ngoja."

Aliikwangua rangi ndani ya buti mpaka chuma kikang'aa, akafunga hapo waya wa hasi. Kopo akalikaza jirani na amplifaya, waya zikawa fupi. Kisha kule mbele, mahali pa fyuzi, akaweka balbu yake. Ikawaka.

"Sasa hiyo balbu ya nini tena? Si uunge tu?"

"Nikiunga tu, leo utaruka kuliko wanafunzi wako wote."

Mwalimu akaacha kuuliza. Balbu ikafifia, ikafifia, ikazima. Bi Ngoja akaitoa, akachomeka fyuzi, akawasha. Besi ikatikisa mlango wa bati na taa za mbele hazikupepesa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwalimu alianza kucheza, Bi Ngoja akajiruhusu kutabasamu, na ndipo Mjomba alipoinuka.

"Nati ya hasi pale kwenye kopo haijakaa vizuri," alisema. Alizima redio, akaenda mbele kuchomoa fyuzi, akarudi na spana ndefu. "Fyuzi nimetoa. Umeme hakuna tena."

Akainama ndani ya buti. Alikuwa amekuja kama mgeni, kwa hiyo saa yake ya chuma ilikuwa bado mkononi. Mdomo wa spana ulielekea kwenye nati, mkia wake ulielekea upande wa chanya.

Bi Ngoja aliona mambo mawili kwa pamoja. Kopo lilikuwa bado limejaa, na spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja, umeme wote ungetoka kwa cheche mkononi mwa Mjomba. Na kumkaripia mkubwa mbele ya mteja, siku ya funguo, ni kujitafutia kufungiwa mlango. Hakuyapima.

"Ngoja!"

Sauti iligonga bati ikarudi. Tayari alikuwa amemdaka Mjomba mkono, kwa nguvu. Tangu aanze kazi hakuwahi hata kumkatiza maneno. Mwalimu wa mazoezi alibaki mguu mmoja juu.

Bila kuuachia mkono ule, aligusisha nyaya za balbu kwenye ncha mbili za kopo. Balbu ikawaka nyeupe, bila betri, bila fyuzi. Wote watatu waliitazama mpaka ikazima.

"Nilikuwa namjaribu tu," Mjomba alimwambia mwalimu, akicheka.

"Ee, mzee mjanja huyu!" mwalimu alisema.

Mkono wa mzee aliokuwa bado ameushika ulimtia Bi Ngoja huruma kuliko alivyotaka. Akauachia polepole. Nati akaikaza mwenyewe nusu mzunguko, akalijaza kopo upya kwa balbu, na saa kumi kasoro robo mwalimu aliondoka akipiga honi.

Mjomba alirudi kwenye benchi, akakaa.

"Sikuwa nakujaribu," alisema mwishowe. "Nilisahau. Sheria yangu mwenyewe."

"Najua, Mjomba."

"Ulijuaje?"

"Ukinijaribu huwa unakohoa kwanza."

Mzee akacheka, safari hii kicheko cha kweli, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Halafu mazoea yakamshinda. Aliinuka akaanza kushika waya za gari lingine lililokuwa likisubiri zamu.

"Ngoja, Mjomba. Saa kwanza."

Alisimama. Akatazama mkono wake, akaenda mlangoni, akavua saa na kuitundika kando ya pete. Kidoleni kulikuwa na funguo bado, akazitundika nazo.

Walifanya kazi mpaka jioni. Wakati wa kuondoka Mjomba alichukua saa yake, akaivaa taratibu. Funguo aliziacha msumarini.